Karatasi moja, lugha nne: tuchague chombo gani cha kupanga maandishi?



Hapa Kiringye, katika bonde la Ruzizi, makubaliano kati ya wakulima na wafugaji hayaishii mkutanoni. Yanaandikwa, yanatolewa fotokopi, na kila upande unarudi na karatasi yake. Wakati wa kiangazi, ng'ombe wakiingia shambani, karatasi hiyo ndiyo inayoletwa mbele ya wazee. Familia iliyokimbia haikuwepo siku ya mkutano. Ikirudi, haina kingine cha kutegemea. Basi tuchukue mfano: ibara ya 6 kwa Kifaransa inasema mwenye ng'ombe “lazima alipe”, na kwa Kirundi inasema “anaweza kulipa”. Karatasi hiyo itazaa ugomvi mpya.

Katiba ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa. Lakini kwetu mama anayelima anaelewa vizuri zaidi Kifuliru, na mwingine Kirundi au Kinyamulenge. Kwa hiyo lugha nne si anasa.

Tofauti nyingi kati ya lugha hazitokani na mfasiri. Zinatokana na kuweka maandishi katika faili nne zilizoachana. Jioni mkutano unabadilisha neno moja katika Kiswahili, jenereta inazimwa, na zile faili tatu zinabaki na neno la zamani. Tunashauri faili moja tu: ibara ya 6 katika lugha zote nne, moja chini ya nyingine, ndipo ibara ya 7. Anayesahihisha mstari mmoja anaona mingine mitatu mbele ya macho yake.

Sasa chombo. Kuna njia ya kuandika maneno matupu na kuyawekea alama: hiki ni kichwa, hii ni ibara, hapa ni Kifuliru. Ukubwa na sura ya herufi vinaamuliwa mara moja, mahali pamoja. Ndivyo inavyofanya LaTeX, iliyojengwa na Leslie Lamport miaka ya 1980 juu ya TeX ya Donald Knuth. Ni ya bure, faili zake ni ndogo, na zinafunguka katika kompyuta yoyote. Tangu 2004 kuna pia XeTeX ya Jonathan Kew, inayosoma herufi za Unicode moja kwa moja. Kwa kitabu kikubwa cha mafunzo, mahali penye watu wawili waliofundishwa, hatuoni bora zaidi. Lakini mabano moja yakisahauliwa, kazi yote inasimama, na ujumbe wa kosa unakuja kwa Kiingereza.

Kwa makubaliano ya kijiji tunapendelea LibreOffice, iliyotoka katika OpenOffice.org mwaka 2010. Nayo ni ya bure, na karani wa kijiji ataweza kuifungua mwakani bila kututafuta. Sharti ni kutumia mitindo yake ya vichwa na aya, si kukoleza herufi kwa mkono kila mara. Microsoft Word inafanya hivyo pia, ila inanunuliwa, na nakala za wizi mara nyingi huja na virusi.

Iambie programu lugha ya kila aya. Kifaransa kinaweka nafasi kabla ya nukta mbili na alama ya kuuliza, Kiswahili hakiweki. Kwa Kifuliru, ukikosa kamusi yake, chagua “hakuna lugha”. La sivyo mistari myekundu inajaa ukurasa mzima, na kosa la kweli linajificha humo.

Usipange lugha katika safu tatu nyembamba. Maneno yetu ni marefu: “watakaporudishiwa” peke yake linakula mstari, na kunyoosha pande zote mbili kunaacha mashimo. Nyoosha kushoto tu. Ukilazimika kukata neno la Kiswahili, kata baada ya vokali, na usitenganishe mb, nd, sh wala ng'.

Chagua herufi kama Charis SIL au Gentium, ambazo ni za bure na zina alama nyingi za lugha za Afrika. Kisha peleka PDF yenye herufi ndani yake. Ukipeleka faili ya kawaida mahali pa fotokopi penye kompyuta isiyo na herufi hizo, kurasa zinaweza kuhama na alama zikageuka vijisanduku.

Linabaki jambo ambalo kompyuta haitalitatua: lugha gani itangulie? Watu wanaliangalia hilo kuliko tunavyodhani, na wanaangalia pia nani amepewa herufi ndogo. Waulizeni wazee wa pande zote kabla ya kuchapa. Andikeni ndani ya makubaliano yenyewe ni lugha ipi itafuatwa zikipingana.

Kwa majadiliano: katika kambi au kijiji chenu, nani anatunza faili ya makubaliano ya mwisho? Akihama, nani mwingine anaweza kuifungua? Na je, msomaji wa kila lugha ameshasomewa ibara zote kwa sauti kabla ya sahihi kuwekwa?