Dawa ya Macho ya Tyubu: Namna ya Kuipaka na Wakati wa Kuiacha

Soma tyubu kwanza

Tetrasaiklini ya kupaka ipo ya aina mbili, na dukani huenda zikakaa rafu moja. Ya macho ni asilimia 1, na tyubu yake imeandikwa kuwa ni ya macho. Ya asilimia 3 ni ya ngozi. Hiyo isiingie jichoni hata kidogo. Kama herufi ni ndogo mno au zimefutika, mwambie muuzaji akusomee kabla hujalipa. Mwulize pia kama dawa anayokupa ina steroidi, kwa mfano deksamethasoni. Dawa za namna hiyo huondoa wekundu upesi, mgonjwa akadhani amepona, kumbe kidonda kwenye kioo cha jicho kinazidi kuchimba. Hizo aziandike mtaalamu wa macho tu.

Jicho gani linahitaji dawa hii?

Tetrasaiklini hupambana na bakteria. Jicho lenye bakteria kwa kawaida hutoa matongotongo mazito ya njano au ya kijani, na asubuhi kope huwa zimegandana. Macho mekundu yanayochuruzika maji, yakatoka kwa mtu mmoja hadi nyumba nzima, mara nyingi ni ya virusi, kama yale yaliyoenea Dar es Salaam mapema mwaka 2024. Hapo tyubu haisaidii. Nawa mikono, kila mtu awe na taulo lake, na subiri. Mengi hupoa yenyewe. Majani ya chai, maziwa ya mama, maji ya chumvi na mkojo visitiwe jichoni, hata kama aliyekushauri ni bibi unayemheshimu sana.

Kupaka

Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha maji, yapoe, kisha futa matongotongo kwa kitambaa safi kuanzia upande wa pua kwenda nje. Jicho la pili lipate kitambaa kingine. Mtoto mdogo hupakwa vizuri zaidi akiwa amelala chali, mtu mmoja akimshika kichwa na mikono. Akikaza macho usimlazimishe kwa kucha. Subiri avute pumzi ya kulia, ndipo kope hulegea.

Vuta kope ya chini taratibu hadi ionekane nafasi nyekundu iliyo kama kamfuko. Humo ndimo dawa inamokaa. Ukiipaka juu ya kope, umepaka ngozi tu. Minya kiasi kidogo, uzi wa takriban sentimita moja, na mdomo wa tyubu usiguse jicho wala kope. Mgonjwa afumbe macho kwa dakika moja hivi. Ataona ukungu kwa muda, kwa hiyo asipande baiskeli wala pikipiki papo hapo.

Kwa maambukizi ya kawaida, zahanati huelekeza mara 3 au 4 kwa siku. Fuata siku ulizoandikiwa. Zikipita siku 2 au 3 bila nafuu, rudi. Tyubu ikishafunguliwa, mwezi ukipita itupwe, hata ikiwa imebaki nusu, na isizungushwe kwa majirani.

Vikope

Trakoma, ambayo wengi wetu tunaiita vikope, ndiyo inayoishinda familia subira. Kwa tyubu, tiba yake ni mara 2 kwa siku, macho yote mawili, kwa wiki 6. Hesabu: hizo ni mara 84 za kumshika mtoto anayelia, na nyingi kati yake ni baada ya jicho kuacha kumsumbua. Si ajabu wengi huacha njiani. Ndiyo sababu kampeni za kutokomeza vikope hutumia zaidi azithromaisini ya kumeza mara moja, inayopimwa kwa urefu wa mtoto. Walio chini ya miezi 6 bado hupewa tyubu, na mzigo huo humwangukia mama.

Wala dawa peke yake haitoshi. Wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, vijiji vyote katika utafiti mmoja vilipewa tetrasaiklini, lakini baadhi vilihamasishwa pia kuosha watoto nyuso. Trakoma kali ilipungua zaidi katika hivyo vilivyoosha. Nzi hufuata uso wenye matongotongo na makamasi, kisha hutua kwa mtoto wa pili. Maji yakiwa haba, kibuyu chirizi mlangoni kinatosha: viganja viwili vya maji asubuhi, viwili jioni.

Usipake, nenda hospitali

Jicho likiuma sana, likiona hafifu, likitokea doa jeupe kwenye kioo, au likiwa limechomwa na kijiti au kemikali, usipoteze muda na tyubu. Kemikali ioshwe kwanza kwa maji mengi safi. Mtoto mwenye surua na macho mabaya apelekwe pia. Atahitaji vitamini A.

Mtoto mchanga hupakwa dawa hii mara moja, ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, ili kumkinga na vijidudu vya kisonono. Mwulize mkunga kama amepakwa. Aliyezaliwa nyumbani au njiani huenda amekosa. Lakini akitoa usaha machoni katika mwezi wa kwanza, hiyo si kazi ya nyumbani tena. Kisonono huweza kutoboa kioo cha jicho upesi mno, na tiba yake ni sindano. Mpeleke siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku. Mama atatibiwa, na baba aende naye, maana akibaki nyumbani bila dawa atamwambukiza mama upya.