KANSERE YA KINYWA: NANI MKOSAJI?

Leteni kioo kidogo, hata kipande tu, mkae karibu na dirisha. Fungueni kinywa. Mnaona nini? Ulimi, meno, ufizi, na ndani ya mashavu ngozi laini yenye mate, nyekundu kidogo. Inueni ulimi: chini yake mna mishipa ya rangi ya buluu. Tazameni juu: hilo ndilo kaakaa. Ngozi hii ya kinywa hufanya kazi nyingi. Kila siku hupata ugali wa moto, pilipili, miiba ya samaki. Lakini hupona upesi. Ukijiuma ulimi leo, juma lijalo umekwisha kusahau.

Kuna kidonda kingine ambacho hakiponi. Kinaanza kidogo kama punje ya mtama, au kama doa jeupe ndani ya shavu. Mwanzoni hakiumi, na hapo ndipo hatari yake, kwa sababu mtu asiyeumwa haendi kwa mganga. Baada ya miezi kidonda kimekuwa kigumu, kinatoka damu, meno ya pahali pale yanalegea, na shingoni kunatokea uvimbe. Ugonjwa huo huitwa kansere. Wengine husema saratani.

Kansere ni nini? Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana, kama nyumba iliyojengwa kwa matofali. Chembe zikizeeka hufa, na nyingine huzaliwa kwa hesabu yake. Katika kansere chembe chache zinaasi. Zinazaana bila kipimo, zinasukuma jirani zao, na mwisho nyingine zinasafiri kwenda kukaa pahali pengine mwilini. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala kwa kumshika mkono. Watu wengine humkimbia mgonjwa wa kansere kwa sababu ya harufu ya kidonda chake. Ni vibaya sana, maana yeye hawezi kumpa mtu kidonda kile.

Katika mwaka 2022 duniani kote watu karibu 390,000 walipatikana na kansere ya midomo na kinywa, na watu karibu 188,000 walikufa kwayo. Nchi moja ina sehemu kubwa ya wagonjwa hao: Uhindi. Huko, kwa wanaume, kansere ya kinywa yashinda kansere nyingine zote kwa wingi. Kwa nini Uhindi? Waganga walibishana juu ya neno hili miaka mingi, na sisi tutafuata mabishano yao.

Tambuu

Watu wa Uhindi wana desturi ya zamani sana ya kutafuna tambuu. Watu wa pwani, wa Unguja na Mombasa, wanaijua pia, na majina yake kwa kiswahili yametoka kwao. Mtu huchukua jani bichi la mtambuu. Hulipaka chokaa. Hutia popoo, yaani kokwa ngumu ya mti unaofanana na mnazi mwembamba, iliyokatwa vipande. Wengi huongeza katu, ambayo ni utomvu mkavu wa mti na yakaza ulimi. Na wengi huongeza tumbaku. Kisha jani hukunjwa, huwekwa shavuni, hutafunwa polepole. Mate huwa mekundu kama damu.

Msicheke desturi hii. Mgeni akifika nyumbani, tambuu ni heshima yake. Katika arusi haikosekani. Mtu mwenye njaa huitafuna asahau njaa, na mtu wa kazi huitafuna asisinzie. Wengine hulala usiku na donge la tambuu shavuni mpaka asubuhi.

Mwaka 1902 mganga mmoja wa mji wa Madras, jina lake Niblock, aliandika kwamba kansere ya shavu huandamana na kutafuna tambuu. Kusini zaidi, pahali paitwapo Neyyoor, palikuwa na hospitali ya misioni ya Waprotestanti. Wagonjwa wa kansere ya kinywa walifika pale kwa wingi. Mganga Orr aliandika habari zao mwaka 1933. Mwenzake Somervell alikuwa akiwapasua. Ndiye yule aliyejaribu kupanda mlima Everest mwaka 1922 na tena mwaka 1924. Nadhani kazi ile ya Neyyoor ilikuwa ngumu kuliko mlima.

Waganga hao waliona neno moja la ajabu. Kidonda hakikutokea po pote kinywani. Kilitokea shavuni, mle ambamo mgonjwa alizoea kuweka donge la tambuu.

Mabishano

Wengine hawakukubali. Walisema: mamilioni ya watu wanatafuna tambuu, na wengi wao wanazeeka bila kansere. Basi, tambuu haina kosa. Je, mwaonaje? Si kila mbegu iliyotupwa njiani huota. Lakini ikiota hatusemi kwamba imeota bila mbegu. Si kila aliyeumwa na mbu hupata malaria. Hata hivyo mbu ndiye aletaye malaria.

Neno la pili lilikuwa zito zaidi. Walisema: kusini mwa Uhindi karibu kila mtu anatafuna. Ukienda hospitali utakuta wagonjwa wa kansere wanatafuna. Lakini utakuta pia wagonjwa wa jicho wanatafuna, na mpishi, na bawabu. Basi umethibitisha nini? Hapo wabishi walikuwa na haki. Kuhesabu wagonjwa peke yao hakutoshi. Sharti uhesabu pia wasiougua, wenye umri sawasawa, halafu ulinganishe. Mwaka 1955 Sanghvi, Rao na Khanolkar walitoa hesabu ya namna hiyo kutoka mji wa Bombay. Waliuliza wagonjwa wa kansere na watu wengine maswali yale yale juu ya kuvuta na kutafuna tumbaku. Walioivuta au kuitafuna walikuwa wengi zaidi upande wa kansere. Toka mwaka 1966 waganga Mehta na Pindborg na wenzao walikwenda vijijini wenyewe, katika sehemu tano za Uhindi. Walitazama vinywa vya watu zaidi ya 50,000.

Katika Andhra Pradesh, upande wa bahari, walikuta jambo lisiloaminika. Watu wengi kule, hasa wanawake, huvuta tumbaku iliyoviringishwa, iitwayo chutta, lakini upande wenye moto wanauweka ndani ya kinywa! Moshi na joto hupiga juu moja kwa moja. Na kansere yao inatokea wapi? Juu, kwenye kaakaa, pahali ambapo kwa watu wengine kansere ni nadra. Anayeweka tambuu shavuni huugua shavu. Anayegeuza moto ndani huugua kaakaa.

Basi kosa limo katika lile donge. Lakini ndani ya donge mna vitu vitano. Nani kati yao?

Jani la mtambuu lilishukiwa kwanza, maana ndilo lionekanalo. Ushahidi juu yake ni haba, tuliache. Katu nayo ilisemwa kidogo tu. Chokaa ilishitakiwa sana: huchoma ngozi ya kinywa, na hufanya ukali wa vitu vingine utoke na kuingia mwilini upesi. Ni kama mtu anayemfungulia mwizi mlango.

Tumbaku haikuweza kujitetea. Mwaka 1985 shirika la dunia linalochunguza asili ya kansere, lenye makao yake Lyon katika Ufaransa, lilihukumu kwamba tambuu yenye tumbaku huleta kansere kwa watu. Wengi walidhani shauri limekwisha. Waliambiana: ondoa tumbaku, tafuna popoo yako kwa amani.

Lakini kulikuwa na mashahidi wawili ambao hawajasikilizwa vema. Wa kwanza ni watu wa Papua Guinea Mpya na wa Taiwan. Wao wanatafuna popoo na chokaa bila kutia tumbaku, na kansere ya kinywa ni nyingi kwao. Shahidi wa pili alitoka karibu na kwetu. Mwaka 1952 mganga wa meno jina lake Schwartz alieleza ugonjwa wa wanawake watano wa Kihindi waliokaa Kenya. Ngozi ya ndani ya mashavu yao ilikuwa imekuwa ngumu kama kamba, hata hawakuweza kufungua kinywa sawasawa. Schwartz aliupa ugonjwa huo jina lenye maana kwamba asili yake haijulikani. Leo yajulikana: ni popoo. Na kinywa kilichokauka hivyo kinaweza kugeuka kansere baadaye. Mwaka 2004 shirika lile la Lyon likatoa hukumu ya pili: tambuu isiyo na tumbaku huleta kansere, na popoo yenyewe huleta kansere.

Hivyo wakosaji ni wawili, tumbaku na popoo, na chokaa ni msaidizi wao. Miaka zaidi ya mia moja ilipita tangu Niblock hadi hukumu ile.

Kuwaambia watu

Kujua si kazi yote. Mwanamke wa kijijini asiyejua kusoma atajuaje habari ya Lyon? Waganga wa Uhindi walichukua watu zaidi ya 36,000 watumiao tumbaku, wakawaeleza hatari yake uso kwa uso, na pia kwa njia za kusemesha wengi pamoja. Habari zao zilitolewa mwaka 1986. Walioacha kabisa hawakuwa wengi, kwa maana tumbaku humfunga mtu kama mtumwa. Lakini katika sehemu za Ernakulam na Srikakulam walioacha walikuwa wengi kuliko wale wasiofundishwa, na yale madoa meupe kinywani yalipungua.

Jaribio jingine lilifanywa Kerala, karibu na mji wa Trivandrum, toka mwaka 1996. Watu zaidi ya 190,000 wa tarafa 13 waliingia katika hesabu. Katika tarafa 7 watu waliofundishwa kazi hiyo, wasio waganga, walipita nyumba kwa nyumba na taa wakitazama vinywa. Mwenye doa au kidonda alitumwa kwa mganga. Mwaka 2005 matokeo yalitangazwa: kati ya watu watumiao tumbaku au pombe, waliokufa kwa kansere ya kinywa walipungua kwa theluthi moja. Hawakutumia mashine kubwa. Walitumia taa, macho na miguu ya kutembea.

Wafanya biashara nao hawakulala. Waliitia popoo kavu na tumbaku katika vipakiti vidogo vyenye rangi nzuri na harufu tamu, kwa bei ambayo hata mtoto aweza kulipa. Kitu hicho chaitwa gutka. Mwaka 2012 jimbo la Madhya Pradesh lilianza kukataza gutka, na majimbo mengine yakafuata. Wauzaji wakafanya nini? Waliuza vipakiti viwili mbalimbali, kimoja cha popoo na kimoja cha tumbaku, na mnunuzi huvichanganya mwenyewe.

Na sisi?

Mtu atasema: sisi wa Kongo hatutafuni popoo. Ni kweli. Lakini tumbaku tunayo: ya sigara, ya kiko, ya kunusa, ya kuweka kinywani. Tena tunayo pombe kali, kama lutuku. Pombe peke yake huleta kansere ya kinywa. Na pombe pamoja na tumbaku, hatari haijumlishwi, huzidishwa. Huko mbali Wazungu wafanyao kazi juani hupata kansere ya mdomo wa chini kwa sababu ya jua, na kirusi kiitwacho HPV huleta kansere nyuma ya kinywa, kooni. Lakini kwa wengi, tumbaku na pombe ndizo za kwanza.

Kwa hiyo shikeni tena kioo, na safari hii mtazame vinywa vya nyumbani: babu mwenye kiko, shangazi anayeweka tumbaku chini ya mdomo. Waombeni kwa adabu. Mzee hafunguliwi kinywa kama mbuzi sokoni. Tafuteni kidonda kisichopona katika majuma mawili. Doa jeupe au jekundu lisilofutika. Uvimbe au pahali pagumu. Jino linalolegea bila sababu. Mkiona kimoja cha hivyo, msiseme ni kansere, maana vidonda vingi si kansere, na ninyi si waganga. Wala msimwache apake dawa za majani mwaka mzima. Mpelekeni hospitali juma lile lile. Kidonda kidogo hukatwa, na mara nyingi mtu hupona akala na kusema kama zamani. Kidonda kikubwa huondolewa pamoja na taya, na hata hivyo mara nyingi hurudi.

MAULIZO

1. Kwa nini mtu mwenye kansere ya kinywa hukawia kwenda kwa mganga?
2. Wabishi walisema: karibu kila mtu anatafuna tambuu. Kwa nini neno hilo lilikuwa na haki? Sanghvi na wenzake walilijibu namna gani?
3. Anayevuta chutta huku moto umo kinywani huugua pahali gani? Hiyo yatufundisha nini juu ya asili ya ugonjwa?
4. Watu wa Taiwan na Papua Guinea Mpya walitoa ushahidi gani juu ya popoo?
5. Mjomba wako anasema: «Baba yangu alivuta tumbaku miaka hamsini, akafa mzee kwa kuanguka mtini.» Mjibuni kwa heshima. Andikeni maneno matano au sita.