Aliyeshika simu Macalder ana kauli gani? Maswali na majibu kuhusu programu huria

Wahamasishaji wa afya ya jamii wa Nyatike, kaunti ya Migori, siku hizi huandika habari za kaya wanazozitembelea kwenye simu. Programu wanayoitumia, eCHIS, ilisambazwa nchini baada ya serikali kuzindua vifaa vya wahamasishaji Septemba 2023. Imejengwa juu ya Community Health Toolkit, programu huria inayosimamiwa na shirika la Medic. Mtaalamu wetu anajibu maswali ya wasomaji wa Macalder, huko huko Nyatike, na wa Homa Bay.

Programu huria ni nini hasa, na mimi ninayebeba simu inanihusu nini?

Kabla programu haijawa vitufe na picha kwenye simu yako, ni maandishi. Maandishi hayo tunayaita msimbo. Kampuni nyingi huyaficha. Wenye programu huria huyaweka wazi, na leseni inamruhusu yeyote kuyasoma, kuyatumia, kuyabadilisha na kuyagawa. Ndiyo sababu Kenya haikulazimika kuanza na karatasi tupu.

Lakini ruhusa ni kitu kimoja na kuulizwa ni kingine. Kwa mujibu wa leseni, mhamasishaji wa Macalder anaweza kubadilisha msimbo leo hii. Kwa kweli hana kompyuta, hana muda, na ana kaya kama 100 za kutembelea. Tukimwambia "mlango uko wazi" kisha tukamwacha hapo, hatujashirikiana naye. Ushirikiano unaanza siku anayeandika msimbo anapomfuata anakofanyia kazi.

Ushirikiano huo umewahi kufaulu hapa kwetu?

Umefaulu, tena si mbali. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret. Wagonjwa wa Ukimwi walikuwa wakiongezeka kuliko mfumo wa kumbukumbu uliokuwepo ulivyoweza kubeba. Walichokianza, wakishirikiana na shirika la Partners In Health, kikawa OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 2006 kilianza kutumika Eldoret penyewe. KenyaEMR, inayotumika kwenye kliniki nyingi za serikali, imetokana nayo.

Siri yake imo katika uamuzi mmoja wa mapema. Maswali ya daktari hayakugandishwa ndani ya msimbo. Yaliwekwa kwenye kamusi ya istilahi, na kliniki ikitaka kuuliza jambo jipya inaliongeza humo bila kumngoja mwandishi wa programu. Waliobuni walikuwa wenyewe matabibu, na walijua kwamba fomu ya hospitali haikai mwaka mzima bila kuguswa.

Wataalamu husema ubunifu mzuri huanzia kwa mtumiaji. Hilo linaonekanaje kwenye kazi yenyewe?

Chukua fomu ya mtoto mwenye kikohozi. Mhamasishaji anatakiwa kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa aliyetimiza mwaka lakini hajafika miaka 5, ni pumzi za haraka, na pamoja na kikohozi zinaashiria nimonia.

Mtu anayebuni fomu hiyo akiwa mezani ataweka kisanduku cha namba na maelezo chini yake: hesabu pumzi kwa dakika moja. Karatasini fomu imekamilika. Nyumbani kwa mgonjwa itamshinda mtu. Mama amempakata mtoto, leso imefunika kifua, mtoto anahangaika. Mhamasishaji akiangalia saa, kifua kinampita. Akiangalia kifua, dakika inampita. Akikosea pumzi chache tu, mtoto wa kupelekwa hospitali ataachwa nyumbani.

Ndani ya Toolkit kuna saa maalumu ya kazi hii. Ukiigusa, inaanza kurudi nyuma kutoka sekunde 60, na zikiisha inalia. Mlio huo ndio ninaoupenda kuliko chochote kingine ndani ya programu ile, kwa sababu macho yanabaki kifuani mwa mtoto na sikio linalinda dakika. Jambo dogo kama hilo hulioni mpaka ukae kimya kando ya mhamasishaji umtazame akifanya kazi, badala ya kumuuliza anataka nini.

Na bado si mwisho. Je, mlio unasikika kwenye boma lililo karibu na mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule Osiri? Anayeweza kujibu ni yule anayelitembelea boma hilo.

Kwetu mtandao unapotea ovyo. Kazi yangu inapotea nayo?

Haipotei. Programu hii ilibuniwa kwa kudhani kwamba mtandao haupo. Unachojaza hubaki kwenye simu, kisha hutumwa mtandao ukipatikana.

Ikiwa msimbo uko wazi kwa dunia nzima, siri za wagonjwa nazo ziko wazi?

Hapana. Kilicho wazi ni fomu tupu. Majibu ya wagonjwa hukaa kwenye simu yako na kwenye seva zilizofungwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda taarifa za afya. Katika kaunti zetu, ambako Ukimwi umegusa nyumba nyingi, hofu hii ni ya haki kabisa. Kwa hiyo funga simu yako kwa nambari ya siri, wala usimwazime mtoto acheze nayo.

Nikiona kasoro, nimwambie nani? Nitasikilizwa kweli?

Anza na msimamizi wako. Usimwambie "simu imekataa", kwa sababu hakuna anayeweza kutengeneza hilo. Mwambie: nilifungua fomu ya mjamzito, nikaweka tarehe ya hedhi ya mwisho, nikabonyeza kuendelea, ikanirudisha mwanzo, na mtandao haukuwepo. Eleza ulichofanya, ulichotarajia na kilichotokea.

Kuhusu kusikilizwa, nitasema wazi. Katika miradi mingi malalamiko hupanda ngazi lakini majibu hayashuki. Mtu akiripoti mara mbili bila jibu, mara ya tatu atanyamaza, na waandishi wa programu watadhani mambo ni shwari. Hata jibu la "tumeiona, haitarekebishwa mwaka huu, na sababu ni hii" linamheshimu aliyeripoti. Wasimamizi, lidaini jibu hilo kwa niaba ya watu wenu.

Kijana wangu anasoma kompyuta chuoni Rongo. Aanzie wapi kuchangia?

Aanze na lugha. Toolkit ina Kiswahili, na maneno yake yamo kwenye faili iitwayo messages-sw.properties. Kila mstari una jina la fungu la maneno upande wa kushoto na Kiswahili chake upande wa kulia. Asiisome peke yake. Akae na wahamasishaji wawili watatu, wapitie maneno hayo pamoja, atie alama kila mahali wanaposita. Hapo ndipo pa kurekebisha. Lugha mpya pia inaweza kuongezwa, kwa hiyo Kidholuo hakijafungiwa nje.

Kisha apendekeze badiliko moja kwa wakati, maana rundo la mabadiliko humchosha anayekagua na huweza kukaa bila kuguswa. Akikataliwa, aulize sababu, arekebishe, atume tena. Na kwenye maelezo aandike kwamba neno hilo limechaguliwa na wahamasishaji wa Nyatike wanaolitumia kazini, ili anayekagua ajue anajadiliana na nani.