Glengoyne ya nguvu ya pipa: maswali na majibu

Nguvu ya pipa maana yake nini?

Wiski nyingi hupunguzwa kwa maji kabla ya kutiwa chupani, mpaka kilevi kishuke hadi asilimia 40 au 43 ya ujazo. Ya nguvu ya pipa hutiwa chupani kwa ukali uleule iliotoka nao pipani. Matoleo mengi ya aina hii ya Glengoyne, wiski ya Uskoti, yamekuwa kati ya asilimia 58 na 60. Pombe mpya huingia pipani mara nyingi ikiwa na asilimia 63.5. Kila mwaka takriban asilimia 2 ya kilichomo huvukia kupitia mbao, na kwa baridi na unyevu wa Uskoti kilevi hupungua upesi kuliko maji.

Je, ni wiski ya Nyanda za Juu kweli?

Ndiyo. Kiwanda kilianza rasmi mwaka 1833 chini ya kilima cha Dumgoyne, kaskazini mwa Glasgow, penye mpaka wa Nyanda za Juu na Nyanda za Chini. Mitambo iko upande wa Nyanda za Juu. Ng'ambo ya barabara, kwenye maghala, mapipa yamelala Nyanda za Chini. Kinachohesabiwa ni mahali ilipokenekwa.

Ladha yake inatoka wapi?

Kwanza ni kimea. Shayiri iliyochipua hukaushwa kwa hewa ya moto bila moshi wa piti, hivyo utamu wa nafaka haufunikwi. Kisha hukenekwa polepole mno, mvuke ukigusana na shaba kwa muda mrefu, na shaba hunasa harufu nzito za salfa. Mwisho ni mapipa, na hapa ndipo penye uzito: yaliyohifadhi mvinyo wa sherry huleta zabibu kavu, mdalasini na ganda la chungwa, ya bourbon huleta vanila.

Je, iongezwe maji?

Iongezwe, lakini si mara moja. Ionjwe kavu kwanza, tone dogo likae ulimini. Kwa ukali huo ulimi hufa ganzi haraka, na pua huchomwa kabla ya kunusa lolote. Maji yakitiwa kidogo kidogo, ukali hulegea na matunda hujitokeza. Utafiti uliofanywa Uswidi kwa kutumia kompyuta na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa maji husogeza molekuli za harufu kama gwayakoli kuelekea juu ya kinywaji. Mililita 30 zikiongezwa maji mililita 8 au 9 hushuka hadi asilimia 46 hivi. Kipimo kisipuuzwe: mililita 30 hizo zina kilevi sawa na mililita 44 za wiski ya kawaida ya asilimia 40.

Mbona hufanya ukungu kwenye glasi?

Haikuchujwa kwa baridi. Mafuta asilia ya kimea na mwaloni yamebaki ndani, na maji au barafu huyafanya yagande kuwa chembe ndogo. Hayana madhara, na ndiyo yanayoipa wiski uzito mdomoni.