Gemu Mpya ya Shilingi Elfu Kumi: Ununue Leo au Ungoje?

Kama una kijana nyumbani mwenye PlayStation, au wewe mwenyewe ndiye unayekesha na pedi mkononi, bila shaka umeona jinsi bei za gemu mpya zilivyopaa. Mario Kart World ya Nintendo ilitoka Juni 2025 kwa dola 80. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 129 za Kenya, hizo ni zaidi ya shilingi 10,300. Mtanzania anayepata dola kwa shilingi 2,500 atatoa laki mbili kamili. Na hapo mashine ya kuchezea hujainunua.

Jibu langu nalitoa mapema ili usiumie macho ukilitafuta: bei ya siku ya kwanza ni bei ya haraka. Gemu ileile, ukiiacha miezi michache, hushuka bei na mara nyingi huwa imeondolewa kasoro zake. Zipo chache ambazo kuzingoja hakukupi faida, nazo nitazitaja. Zilizobaki zinahitaji subira na hesabu kidogo.

Kwanza, kwa nini bei imepanda? Tangu Xbox 360 ilipoingia sokoni mwishoni mwa 2005, gemu kubwa ziliuzwa dola 60 huko Marekani, na bei hiyo ikakaa palepale kwa karibu miaka 15. Mwaka 2020, PS5 na Xbox Series X zilipokaribia kutoka, kampuni ya 2K ikatangaza kwamba NBA 2K21 kwenye mashine hizo itauzwa dola 70. Wengine wakafuata. Nintendo ilifika 70 mwaka 2023 kwa The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom, na miaka miwili baadaye ikafika 80. Microsoft nayo iliitangaza The Outer Worlds 2 kwa dola 80, wanunuzi wakapiga kelele, na Julai 2025, kabla gemu haijatoka, ikairudisha hadi 70. Kumbe bei hizi huteremka mnunuzi akikaza.

Wenye kampuni wana hoja yao. Dola 60 za mwaka 2006 zina thamani ya dola 95 hivi za leo, kwa hiyo kwa Mmarekani gemu imekuwa ikishuka bei kimyakimya. Gharama za kutengeneza nazo ni kubwa mno: nyaraka zilizofichuka mahakamani Marekani mwaka 2023 zilionyesha kuwa The Last of Us Part II iligharimu takriban dola milioni 220. Lakini hoja hiyo inamfaa anayelipwa mshahara kwa dola. Kwetu sisi bei ya dola hupanda juu ya shilingi ambayo nayo ina safari zake.

Isitoshe, bei haikuambii gemu ni nzuri kiasi gani. Clair Obscur: Expedition 33, iliyotengenezwa na Sandfall Interactive ya Montpellier, Ufaransa, ilitoka Aprili 2025 kwa dola 50, ikashinda tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Hollow Knight: Silksong, kazi ya watu wachache wa Adelaide, Australia, iliuzwa dola 20. Stardew Valley, gemu ya kilimo iliyotengenezwa na mtu mmoja, inauzwa dola 15 na kuna watu wanaoicheza tangu 2016 hawajaichoka. Ukiwa na shilingi elfu kumi za Kenya unaweza kununua Silksong na Stardew Valley zote mbili, na zaidi ya nusu ya fedha ikabaki mfukoni.

Basi utajuaje kama gemu fulani inastahili bei yake? Jiulize utaicheza na nani, na lini. Kama wenzako watano wote wanaingia gemu mpya Ijumaa hii na raha yenu ni kucheza pamoja mtandaoni, ukingoja miezi minane utakuta wamehamia kwingine. Hapo haraka ina maana. Kama ni gemu ya hadithi ambayo utaicheza peke yako usiku, hadithi haikimbii. Red Dead Redemption 2 ilitoka 2018 kwa dola 60. Leo, misimu ya punguzo, huonekana mara kwa mara kwa dola 15, na farasi wake ni walewale.

Kuna sababu nyingine ya kungoja: gemu mpya mara nyingi hutoka haijaiva. Cyberpunk 2077 ilitoka 10 Desemba 2020 ikiwa na hitilafu nyingi hivi kwamba siku nane baadaye Sony, kampuni ya PlayStation, iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni, ikarudi Juni 2021. Aliyeinunua mwaka wa pili alilipa kidogo akapata kilicho bora. Concord ya Sony nayo ilitoka Agosti 2024 kwa dola 40 na kuzimwa baada ya wiki mbili kwa kukosa wachezaji. Walionunua walirudishiwa fedha, lakini usitegemee kila kampuni ifanye hivyo. Kwa hiyo usilipie gemu kabla haijatoka. Gemu ya kupakua haiishi dukani kama sukari. Itakuwapo kesho, nawe utakuwa umeshaona video za waliotangulia kuicheza.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko bei yenyewe: diski au kupakua?

Diski ni ile inayofanana na CD, ya kwenye kasha. Kupakua ni kuishusha gemu kwa intaneti hadi kwenye mashine bila kushika kitu chochote. Diski unaweza kumwazima rafiki, kuibadilisha na jirani, au kuiuza. Tuseme umenunua diski mpya kwa shilingi 9,000 za Kenya, ukaimaliza kwa mwezi mmoja na kuiuza kwa 6,000. Gemu imekugharimu 3,000. Ile ya kupakua imekwama kwenye akaunti yako milele, hata kama umeichoka siku ya pili. Tena kisheria ulichonunua ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia. Ubisoft ilipozima seva za The Crew, yaani kompyuta zake zilizokuwa zikiiendesha, mwishoni mwa Machi 2024, waliokuwa wameinunua hawakuweza kuicheza tena, hata wenye diski, kwa sababu gemu hiyo haikuwa na njia ya kuchezwa bila intaneti. Ukiona gemu inadai intaneti wakati wote, jua maisha yake yako mikononi mwa mwenye seva.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua mashine, angalia kama ina tundu la diski. PS5 Digital Edition haina, Xbox Series S haina, na PS5 Pro huuzwa bila kisoma-diski, unakinunua kando. Bei ya hizo mbili za kwanza huvutia dukani, lakini bila kisoma-diski umejifungia nje ya soko la mitumba, na hilo ndilo soko letu. Diski zilizotumika utazipata kwenye maduka ya elektroniki ya katikati ya Nairobi, Kariakoo jijini Dar es Salaam, na kwenye matangazo ya tovuti ya Jiji na makundi ya Facebook. Igeuze diski chini ya mwanga uangalie mikwaruzo, na uombe ijaribiwe kwenye mashine mbele yako. Diski za PS4 na PS5 zilizoletwa kutoka Dubai au Uingereza hucheza kwenye mashine ya nchi yoyote. Nyongeza zinazopakuliwa ndizo huhitaji akaunti ya eneo lilelile la diski. Kwa Nintendo Switch 2, soma kasha vizuri: baadhi ya kadi zake ni ufunguo tu, gemu yenyewe lazima uishushe.

Na kushusha kuna gharama. Gemu kubwa za siku hizi, kama Call of Duty, huzidi GB 100. Kama nyumbani una faiba, iache ishuke usiku. Kama unategemea bando la simu, piga hesabu ya bando hizo na uziongeze kwenye bei ya gemu, kisha uone kama bado unaitaka.

Unalipaje? Duka la Steam, la gemu za kompyuta, kwetu huonyesha bei kwa dola. Unahitaji kadi ya Visa au Mastercard. Wateja wa M-Pesa nchini Kenya wanaweza kutengeneza kadi ya Visa ya mtandaoni iitwayo GlobalPay bila kwenda benki, na benki nyingi za Kenya na Tanzania hutoa kadi za aina hiyo. Kumbuka kiwango cha benki cha kubadilishia dola huwa juu kidogo ya kile unachosikia kwenye habari, na kwamba Kenya hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 hata kwa huduma za kidijitali kutoka nje.

PlayStation ina usumbufu wake. Huduma yake ya mtandaoni haijafunguliwa rasmi Kenya wala Tanzania, kwa hiyo wengi hufungua akaunti ya Afrika Kusini, Uingereza au Marekani na kuijaza kwa vocha. Vocha ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, kwa hiyo linganisha nchi kabla ya kulipa, maana vocha iliyokwanguliwa hairudishwi. Ujue pia unakaa kwenye akaunti ya nchi usiyoishi, na masharti yakikazwa huna pa kulalamikia. Mei 2024 Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti za PlayStation, gemu hiyo iliacha kuuzwa kwenye nchi zaidi ya 170 ambazo huduma hiyo haipo.

Jihadhari na kitu kimoja kinachouzwa sana mitaani: gemu ya bei ya kutupa unayowekewa kupitia akaunti ya mtu mwingine. Muuzaji huingiza akaunti yake kwenye mashine yako, gemu inashuka, unafurahi. Akiibadilisha nywila, au kampuni ikiifunga akaunti hiyo, gemu imekwenda na hakuna risiti ya kudai chochote.

Lini kuna punguzo? Steam huwa na misimu mikubwa mwishoni mwa Juni, na tena kuelekea Krismasi. PlayStation na Xbox hupunguza bei Novemba, wakati wa Black Friday. Weka gemu unayoitaka kwenye orodha ya matamanio ya duka, nalo litakutumia barua pepe ikishuka. Tovuti ya IsThereAnyDeal hukuonyesha bure bei ya chini kabisa ambayo gemu ya kompyuta imewahi kufikia, na PSprices hufanya hivyo kwa PlayStation. Epic Games Store nayo hutoa gemu ya bure kila wiki kwa mwenye kompyuta, nayo hubaki kwenye akaunti yako ukishaichukua.

Gemu za mpira ndizo hushuka haraka kuliko zote. EA Sports FC hutoka mwishoni mwa Septemba kwa bei kamili, na ikifika Novemba mara nyingi imeshapunguzwa sana. Anayenunua wiki ya kwanza kila mwaka analipia zaidi majina mapya kwenye jezi. Mwenye kibanda cha PS ana sababu, kwani wateja hudai toleo jipya. Wewe wa nyumbani unaweza kuruka mwaka mmoja, au kucheza eFootball ya Konami ambayo ni bure tangu 2021. Ila usingoje miaka mingi: EA ilipohamia jina la FC mwaka 2023, iliziondoa FIFA za zamani kwenye maduka ya mtandaoni, na sasa ni mwenye diski tu anayeweza kukuuzia.

Nintendo ni kinyume chake. Gemu zake yenyewe hushuka kidogo sana, hata baada ya miaka. Kama umeamua unaitaka Mario Kart, kungoja hakutakuokolea kitu kikubwa. Tafuta ya mkono wa pili.

Je, ikiwa umenunua na hujaipenda? Steam hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 na hujaicheza zaidi ya saa mbili. Fungua ukurasa wa msaada, chagua gemu hiyo, kisha omba kurejeshewa. PlayStation pia hutoa siku 14, lakini ukishaanza kupakua umepoteza haki hiyo, isipokuwa gemu ni mbovu. Nintendo kwa kawaida hairudishi.

Malipo ya kila mwezi yanayokupa rundo la gemu yanamfaa anayecheza nyingi na kuzimaliza haraka. Lakini bei zake nazo hupanda: Game Pass Ultimate ya Microsoft iliruka kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi Oktoba 2025. Ukiacha kulipa, gemu zote zinafungwa.

Mzazi, neno moja kuhusu gemu za bure kama Fortnite na eFootball. Ndani yake huuzwa mavazi na vifurushi vya wachezaji, na kifurushi hakikuambii utapata nani. Ukimwachia mtoto kadi yako imehifadhiwa kwenye mashine, anaweza kutumia fedha nyingi kuliko bei ya Mario Kart kwa jioni moja. Ingia kwenye mipangilio, uweke nywila inayoombwa kila anaponunua, au uifute kadi kabisa na umnunulie vocha ya kiasi unachokubali kukipoteza.