Somo la Barabara: Mshale wa Joto Unapopanda na Kushuka



Katika doria zetu kwenye barabara itokayo Kabale kupitia Kanaba, mara kwa mara tunayakuta magari ya abiria yamesimama konani, moshi ukifuka, abiria wametawanyika njiani. Tukimuuliza dereva, hujibu: “Afande, mshale ulikuwa unapanda na kushuka tangu juzi, nikadhani ni kipimo tu.” Dalili ya mvua ni mawingu. Kwa hiyo, katika somo hili tutajifunza kuyasoma mawingu hayo kabla mvua haijatunyeshea.

Kazi ya maji ya injini

Pampu huyasukuma maji yaliyochanganywa na dawa ya kupozea yazunguke ndani ya injini, kisha yapoe katika rejeta. Kati ya viwili hivyo kuna themostati, mlango mdogo unaojifungua maji yafikapo joto fulani, aghalabu kati ya nyuzi 82 na 88 za Selsiasi. Kifuniko cha rejeta huyabana maji yasichemke upesi. Jambo hili lina uzito kwetu watu wa milimani: katika mwinuko wa mita 2,000, maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, wala hayangoji 100. Kifuniko kilicholegea, ambacho dereva wa bondeni huweza kukivumilia, huku kwetu huichemsha injini mlimani.

Kuusoma mshale

Mshale ukipanda gari likiwa kwenye foleni ya mpakani, kisha ukashuka gari likienda, tuishuku feni. Upepo wa mwendo unafanya kazi ambayo feni imeshindwa kuifanya. Fundi akague fyuzi, rilei na mota ya feni.

Ukipanda mlimani na kushuka kwenye tambarare, huenda maji yamepungua, rejeta imeziba kwa kutu na matope, mkanda unateleza, au pampu imechoka. Maji ya mtoni yanayotiwa kila siku ndiyo huleta kutu hiyo.

Ukipanda sana, ukashuka ghafula, kisha ukarudia, basi themostati inakwama au hewa imenaswa ndani. Themostati hupimwa kwa urahisi: fundi huitumbukiza katika sufuria ya maji, huyapasha moto, na kwa kipimajoto huangalia kama inafunguka kwenye nyuzi zilizochapwa juu yake. Isipofunguka, inunuliwe mpya. Hewa hutolewa injini ikiwa baridi: gari lielekezwe pua juu, maji yatiwe polepole, kisha injini iwashwe kifuniko kikiwa wazi na hita ikiwa imefunguliwa, hadi mapovu yakome.

Ukiruka kufumba na kufumbua, hasa taa zinapowashwa, tatizo ni la umeme: waya uliolegea, sensa mbovu, au waya wa ardhi wenye kutu. Joto la kweli halina mbio hizo.

Dalili yenye hila kuliko zote ni mshale kuanguka kwenye baridi ilhali injini inanuka moto. Maji yamekwisha kupungua chini ya sensa, nayo sasa inapima hewa. Dereva hufurahi, kumbe injini inaungua.

Mapovu yasipokoma, maji yakipotea bila kuvuja, au oili ikigeuka rangi ya maziwa, gasketi ya silinda hedi imepasuka. Gari hilo lisibebe abiria hata mmoja.

Wapo mafundi wanaoing'oa themostati na kusema gari limepona. Hawakuliponya, wameuficha ugonjwa. Asubuhi za baridi za Kigezi injini hiyo huchelewa kupata moto, hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema, na rejeta iliyoziba hubaki imeziba.

Likichemka njiani

Kwanza, mshale ukianza kupanda, zimeni kiyoyozi na fungueni hita hadi mwisho. Itapunguza joto mkitafuta mahali salama pa kusimama. Mvuke ukitoka, simameni na kuzima injini mara moja.

Pili, washeni taa za hadhari na wekeni pembetatu za kuakisi mwanga mbele na nyuma, hatua 50 au zaidi. Penye kona, pembetatu ikae kabla ya kona, si ndani yake. Matawi ya miti hayaonekani usiku.

Tatu, abiria washuke upande usio na magari na wakae mbali na barabara. Nasi wenyeji tusikusanyike njiani kutazama, wala tusiwatume watoto kuvuka barabara kuchota maji.

Nne, msifungue kifuniko injini ikiwa na moto. Maji yaliyobanwa hulipuka usoni, na majeraha yake hayafutiki. Subirini nusu saa au zaidi, hadi mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuunguza. Hapo fungueni kwa kitambaa kinene, polepole, mkigeuza uso pembeni. Maji baridi hayamwagwi juu ya injini yenye moto, kwani chuma hupasuka.

Tano, mkiondoka, ondoeni mawe mliyozuilia magurudumu. Jiwe lililoachwa usiku ni mtego kwa mwendesha bodaboda asiye na habari.

Mkihitaji msaada nchini Uganda, pigeni 999 au 112.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kifuniko kibovu huleta madhara zaidi milimani kuliko bondeni?
2. Mshale umeanguka ghafula kwenye baridi huku injini ikinuka moto. Utafanya nini kwanza?
3. Abiria wakiona mshale unacheza na dereva haujali, wana haki gani ya kusema?

Swali la tatu tunalijibu sisi wenyewe: semeni. Dereva mwenye hekima atawashukuru, na asiyesikia, tujulisheni kituoni kabla hajaufikia mlima.