MZEE ANAPOACHA KUNYWA MAJI: NENO DOGO, MADHARA MAKUBWA



Leo katika safu yetu ya afya na usafi tutazungumzia jambo ambalo wengi hatupendi kulisikia likitajwa katika nyumba za Waislamu: kunyanyaswa na kutelekezwa kwa wazee.

Huenda utasema hayo ni ya Wazungu, wanaowapeleka wazazi wao kwenye majumba ya kulea wazee. Au utasema ni ya kule kanda ya Ziwa, ambako vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa ni wachawi, eti kwa kuwa macho yao ni mekundu. Sisi wa Mafia mzee hatumpigi wala hatumfukuzi. Kwa wengi wetu ni kweli. Lakini ngoja kwanza nikueleze niliyoyaona kazini.

Bibi aliyekataa maji

Miaka kadhaa nyuma, nikiwa tabibu mgeni kazini, nililetewa bibi wa zaidi ya miaka 80 kutoka katika kisiwa kimojawapo cha jirani. Kwa siku mbili alikuwa hamtambui mtu, akiita majina ya watu waliokwisha kufariki. Nyumbani walikuwa wameshamsomea, wakidhani ni jini. Ulimi wake ulikuwa umekauka, na mkojo ulikuwa mchache, wa rangi ya chai ya mkandaa. Nilimtibu maambukizi ya njia ya mkojo na kumtundikia dripu. Siku ya tatu nilipomwamkia, akaitikia: "Marahaba, mwanangu." Nikafurahi, nikaandika faili, nikamruhusu. Sikuuliza jambo jingine lolote, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu.

Baada ya wiki tatu alirudishwa katika hali ile ile, na safari hii ana kidonda juu ya kifandugu. Ndipo nikawaomba watu watoke nje, nikaketi karibu naye, nikamuuliza: "Bibi, mbona hunywi maji?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Nikinywa nakojoa, mwanangu. Nikikojoa, mkamwana wangu anaguna."

Bibi huyu hakupigwa, hakutukanwa, wala hakunyimwa chakula. Aliguniwa tu.

Ndugu msomaji, rejea Surat Al-Israa, aya ya 23 na ya 24. Baada ya kuamrisha aabudiwe Yeye peke yake, Allah (s.w.) ameamrisha wema kwa wazazi, kisha akataja uzee wao, na akakataza hata lile neno dogo kabisa la kuonesha kuchoshwa nao. Nilipokuwa madrasa nilidhani hilo ni katazo la adabu tu. Wodini nilifahamu kuwa mguno nao una njia yake ya kuingia mwilini. Mzee akiguniwa, huona haya. Akiona haya, hupunguza maji. Akipunguza maji, vijidudu hustawi katika njia ya mkojo, damu hupungukiwa na maji, na akili huchanganyikiwa. Akichanganyikiwa halali wala hageuki, na ngozi inayolaliwa upande mmoja huoza.

Utafiti unasemaje?

Mwaka 2002, katika Azimio la Toronto, wataalamu walieleza kuwa unyanyasaji wa mzee ni kitendo, kiwe cha mara moja au cha kurudiarudia, au ni kuacha kutenda linalopasa, kunakomdhuru au kumhuzunisha mzee, na kunatoka kwa mtu ambaye mzee alikuwa na haki ya kumtegemea. Angalia maneno hayo: kuacha kutenda nako kunahesabiwa.

Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 52 kutoka nchi 28. Ulionesha kuwa takriban mzee mmoja katika kila wazee 6 wanaoishi majumbani alikuwa amenyanyaswa kwa namna fulani ndani ya mwaka mmoja. Waliopigwa au kuumizwa mwili walikuwa asilimia 2.6, waliotelekezwa asilimia 4.2, na waliodhulumiwa fedha au mali asilimia 6.8. Waliokuwa wengi kuliko wote, asilimia 11.6, waliumizwa nafsi kwa maneno, kudharauliwa na kutishwa. Kwa hiyo anayesema "sisi hatupigi wazee" ameondoa fungu dogo tu. Mafungu makubwa bado yapo mlangoni kwake.

Hapa kwetu lile la mali lina sura yake. Mzee ana minazi aliyoipanda kwa mikono yake. Nazi zinaanguliwa na kuuzwa, wala yeye haulizwi. Fedha za TASAF zinapokelewa kwa jina lake, naye hana sabuni ya kuogea. Minazi ya mzee aliye hai ni mali yake, haijawa mirathi. Anayeigawa leo anamrithi mtu kabla hajafa.

Ni nani aliyemtelekeza?

Nilipozungumza na yule mkamwana sikukuta mtu muovu. Nilikuta mama wa watoto wanne aliyekonda kwa uchovu. Mumewe alikuwa dagoni kwa miezi. Mawifi na mashemeji zake watatu walikuwa Dar es Salaam, wakipiga simu kila Ijumaa kuuliza hali. Yeye peke yake alikuwa anachota maji, anapika, na kufua shuka mara mbili usiku, kwa miezi minane.

Hebu tujiulize: aliyemtelekeza bibi ni huyu anayeguna huku akifua shuka saa nane za usiku, au ni wale aliowazaa? Kisheria, haki ya mzazi iko shingoni mwa watoto wake, wa kiume na wa kike. Mkamwana anayemuuguza mkwewe anafanya ihsani, na ihsani hulipwa kwa shukrani na msaada. Yule mtu aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akitaka kwenda jihadi aliulizwa kama wazazi wake wako hai. Alipojibu kuwa wako hai, alielekezwa arudi akajitahidi kwao. Ikiwa aliyeiendea jihadi alirudishwa, je, sisi tuliovuka Nyamisati kwenda kutafuta riziki tumesamehewa kwa kupiga simu?

Mambo ya kufanya nyumbani

1. Maji. Mzee hahisi kiu kama kijana. Usimngoje aombe. Mpe kidogo kidogo tangu asubuhi, na upunguze baada ya Magharibi ili usiku apumzike. Mwenye maradhi ya moyo au figo, fuata kipimo alichopewa na tabibu wake.

2. Choo. Mkumbushe na umsaidie kwenda kila baada ya saa mbili au tatu mchana. Usiku mwekee chombo karibu na kitanda. Akilowa, mbadilishe huku ukizungumza naye mambo mengine.

3. Ngozi. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi. Kila siku tazama kifandugu, nyonga, visigino na viwiko. Katika ngozi nyeusi alama ya kwanza si lazima iwe wekundu. Huweza kuwa sehemu iliyozidi weusi, yenye joto au ugumu. Ukiiona, usiisugue wala kuikanda. Mlaze upande mwingine, weka mto wa sufi chini ya miguu ili visigino visiguse godoro, na umlete kituoni mapema.

4. Kuchanganyikiwa kwa ghafla. Mzee aliyekuwa na akili zake jana na leo hamtambui mtu, usiseme ni uzee, wala usichelewe kwa kudhani ni jini. Mara nyingi ni maambukizi, malaria, upungufu wa maji au sukari iliyoshuka. Msomee, ni jambo la kheri, lakini msomee mkiwa njiani kuja hospitali.

5. Zamu. Kaeni kikao cha familia, walio mbali washiriki kwa simu. Andikeni: nani analala na mzee usiku gani, nani analeta sabuni na shuka, nani anakuja kumpumzisha mwenziwe na lini.

Tohara na swala ya mzee

Wazee wengi huacha kuswali kwa sababu wanajiona wana najisi muda wote, na hilo huwaumiza kuliko maradhi yenyewe. Wafundisheni wepesi wa dini. Katika madhehebu yetu ya Shafi, asiyeweza kuzuia mkojo husafishwa, hufungwa kitambaa safi, na hutia udhu kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, kisha huswali hata kama mkojo unaendelea kutoka. Anayedhurika na maji hutayamamu. Asiyeweza kusimama huswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa huswali amelala. Katika kumsafisha, mfunike, oneni kile tu kinachohitajika, na ni bora mwanamke asafishwe na mwanamke. Pasipokuwa na mtu mwingine, muulizeni sheikh wenu kuhusu dharura, lakini asiachwe na najisi.

Sera na sheria

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na inaitambua familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo yake. Ilielekeza pia wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Wenzetu wa Zanzibar walianza kuwapa pensheni wote waliotimiza miaka 70 mwezi Aprili 2016, wakianzia shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2020 wakapitisha sheria ya mambo ya wazee. Nayo Kanuni ya Adhabu inamtwika aliye na dhamana ya mtu asiyejiweza kwa umri au maradhi wajibu wa kumpatia mahitaji ya lazima. Ukiona mzee wa jirani anadhulumiwa, zungumza na familia kwa hekima. Wasiposikia, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, baraza la wazee au afisa ustawi wa jamii. Aliyepigwa apelekwe polisi na hospitali siku hiyo hiyo.

Lakini hakuna afisa anayeweza kusikia mguno wa usiku chumbani kwako. Huo anausikia Allah (s.w.), na anausikia mzee aliyelala macho.

Na yule bibi? Watoto wake walikuja, kikao kikakaliwa, zamu zikaandikwa ukutani kwa mkaa. Kidonda kilichukua miezi minne kufunga. Tangu hapo, kila mzee anayeletwa kwangu namuuliza anakunywa maji kiasi gani, na namuuliza tukiwa wawili tu.

Nawe, ndugu msomaji, leo baada ya Isha muulize mzee wako swali hilo. Kisha mpe kikombe kwa mkono wako, na ukae hapo hapo mpaka amalize.

Allah (s.w.) atusamehe tulipopunguza, na awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo. Aamin.

Wabillahi Tawfiiq.